Habari za Utumbo Mpana na Matabibu Waliouchungulia

Katika viungo vyote alivyoumbiwa binadamu, ni vichache vilivyokaa gizani muda mrefu kama utumbo mpana, mfereji wa takriban mita moja na nusu uanziao upande wa kulia wa tumbo karibu na kidole tumbo, ukapanda hadi chini ya ini, ukakata kwenda kushoto mpaka chini ya wengu, ukateremka, na mwisho ukajipinda mara nyingine kabla ya kufikia njia ya haja kubwa. Moyo ulisikilizwa kwa sikio lililotegwa kifuani, mapafu yaligongwa kwa kidole yakajibu, ulimi ulitolewa nje ukatazamwa. Lakini utumbo mpana, kwa jinsi ulivyofichika, na kwa haya waliyo nayo watu katika kuyataja mambo yake, ulibaki karne nyingi ukijulikana kwa maiti peke yake. Na hali ni kwamba saratani ya utumbo huo, kwa makadirio ya dunia nzima ya mwaka 2020, iliwapata watu wapatao 1,900,000 na kuwaua zaidi ya 900,000, ikawa ya pili kwa kuua miongoni mwa saratani zote, ingawa imo katika zile chache ambazo tabibu aweza kuzizuia zisitokee kabisa, kwa kuiondoa asili yake ingali kinyama kidogo kisichomuuma mtu. Nakusudia kueleza hapa jinsi nuru ilivyoingizwa katika giza hilo, na kwa sababu gani, hata baada ya nuru kupatikana, ilihitajika miaka mingine mingi ya utafiti ndipo watu wakajua kuitumia.

Matabibu wa kale walikuwa na habari zaidi za maumivu ya utumbo kuliko za umbo lake. Abu Bakr al-Razi aliandika kitabu juu ya qulanji, yaani msokoto mkali wa tumbo utokao katika utumbo huo, na Ibn Sina naye akaandika risala yake juu ya maradhi hayo hayo. Tena huyu wa pili hakuyajua kwa kusoma tu, kwa kuwa ndiyo yaliyomuua. Mwanafunzi wake al-Juzjani, aliyeitimiza sira ya mwalimu wake, asimulia kwamba Ibn Sina alishikwa na qulanji akiwa katika msafara wa vita wa amiri wake, na kwa kuchelea asije akashindwa kusafiri siku watakapolazimika kurudi nyuma, alitaka kupona upesi, akajipiga bomba la dawa kwa njia ya nyuma mara 8 katika siku moja, hata utumbo ukachubuka ukafanya vidonda. Baadaye akaagiza katika dawa hiyo zitiwe mbegu za seleri uzani wa theluthi ya dirhamu, na tabibu aliyekuwa akimhudumia akatia dirhamu 5, kwa makusudi au kwa kosa al-Juzjani hakuweza kusema. Vidonda vikazidi, na baada ya kupata nafuu na kuangushwa tena mara kadhaa, akafariki Hamadan mwaka 1037. Hivyo bingwa aliyetunga Qanuni, kitabu kilichosomeshwa mashariki na magharibi kwa karne nyingi, alikufa kwa kuutibu utumbo asioweza kuuona, na kwa miaka mia nane baada yake hapana tabibu aliyekuwa na hali bora kuliko yake.

Mtu aliyekusudia hasa kupeleka nuru ndani ya mwili wa mtu aliye hai alikuwa Philipp Bozzini, tabibu kijana wa Frankfurt katika nchi ya Ujerumani. Chombo chake, kilichojaribiwa Vienna mwaka 1806, kilikuwa cha bati, chenye umbo la gudulia, kimevishwa ngozi, na ndani yake umesimamishwa mshumaa wa nta pamoja na kioo cha kuuelekeza mwanga mbele, katika mrija ulioingizwa kwenye tundu la mwili, huku tabibu akichungulia kwa upande wa pili. Matabibu wa chuo cha jeshi walikisifu, wenzao wa Chuo Kikuu wakakibeza, na katika mashindano ya vyuo hivyo viwili chombo kikaishia kabatini. Bozzini mwenyewe akafa mwaka 1809, umri wake haujatimia miaka 36, kwa homa aliyoambukizwa na wagonjwa wake. Mwaka 1853 Antonin Desormeaux wa Paris akaweka mahali pa mshumaa taa ya mchanganyiko wa spiriti na tapentaini, yenye nuru kubwa zaidi na joto la kuunguza vilevile. Na mwaka 1868 Adolf Kussmaul wa Freiburg akapitisha bomba lililonyooka hadi ndani ya tumbo la mtu ambaye riziki yake ilikuwa kumeza panga mbele ya watazamaji, mtu pekee aliyeweza kuivumilia adhabu hiyo. Mwaka 1895 Howard Kelly wa Hospitali ya Johns Hopkins, Marekani, akaeleza mabomba yake ya chuma ya kuchungulia sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, mgonjwa akiwa amepiga magoti na kifua chake kimelala juu ya meza. Taa ndogo ya umeme ilipoingia kazini, taabu ya moto na moshi ikaondoka, lakini taabu iliyo kubwa zaidi ikabaki palepale: chuma hakipindi, na utumbo haunyooki. Kwa zaidi ya nusu karne bomba la sentimita 25 ndilo lililokuwa mpaka wa jicho la tabibu, na yaliyokuwa mbele ya hapo yalikisiwa kwa picha za eksirei, mgonjwa akiwa ametiwa uji wa bariamu kwa njia ya nyuma, au yalijulikana siku ya kupasuliwa.

Hata hivyo mpaka huo mfupi ulitosha kuzaa elimu kubwa, na elimu hiyo ilizaliwa katika nyumba ndogo. Mwaka 1835 mpasuaji Frederick Salmon alifungua katika mtaa wa Aldersgate, London, mahali penye vitanda 7 pa kuwatibu maskini wenye maradhi ya njia ya haja kubwa, maradhi ambayo hospitali za heshima hazikupenda kuyashughulikia na wenye kuugua hawakupenda kuyatamka. Na haya hiyo haikuwa ya maskini peke yao, kwani miongoni mwa waliolazwa chini ya kisu cha Salmon alikuwamo mwandishi mashuhuri Charles Dickens, mwaka 1841. Nyumba hiyo ikakua ikawa Hospitali ya St Mark's, na humo, katika miaka ya 1920, Cuthbert Dukes, ambaye kazi yake ilikuwa kuchunguza kwa hadubini vipande vya utumbo vilivyokatwa na wapasuaji, akishirikiana na mpasuaji John Percy Lockhart-Mummery, alianza kuweka daftari la jamaa ambazo kwa urithi wa damu utumbo wao huota vinyama kwa mamia, na ambao aghalabu hufa kwa saratani wangali vijana. Dukes hakukiangalia kipande kimoja kimoja kisha akakitupa. Alikichora, akakiandika, akafuata habari za mwenyewe miaka baada ya miaka, hata mwaka 1932 akaweza kuigawa saratani hiyo katika daraja tatu, ya kwanza ikiwa imo ndani ya ukuta wa utumbo, ya pili imeutoboa ukuta, na ya tatu imefika katika tezi, na kwa kila daraja akaweza kukadiria nani angeishi. Lililo kubwa kuliko hayo, yeye na mwenzake walitambua kwamba saratani haianguki juu ya utumbo safi kwa ghafla, bali huanza katika kinyama kiitwacho adenoma, ambacho hukaa kimya miaka mingi kabla ya kugeuka. Na Basil Morson, aliyeshika kazi hiyo baada ya Dukes, akaitia nguvu hoja hii mpaka ikakubaliwa ulimwenguni.

Katika zama hizo hizo maradhi mengine ya utumbo nayo yalikuwa yakipambanuliwa. Mwaka 1932 Burrill Crohn na wenzake wawili wa New York walieleza uvimbe wa utumbo ambao hata leo wachukua jina lake, na mwaka 1955 Sidney Truelove na Leslie Witts wa Oxford walitangaza matokeo ya jaribio la dawa ya kotisoni kwa wagonjwa 210 wenye vidonda vya utumbo mpana, ambamo wagonjwa hao wala matabibu wao hawakujua nani anapewa dawa ya kweli na nani anapewa iliyofanana nayo kwa sura tu. Waliopewa ya kweli walipata nafuu kwa wingi zaidi, na tangu hapo haikutosha tena kwa tabibu wa utumbo kusema kwamba dawa fulani ameiona ikifaa. Alitakiwa kuleta hesabu.

Kizuizi cha chuma kisichopinda kiliondolewa na kioo, kwa kuwa kioo kikivutwa kikawa uzi mwembamba kuliko unywele hupinda bila kuvunjika, na mwanga uliotiwa upande mmoja husafiri ndani yake hadi upande wa pili, ukifuata kila pindo. Mwaka 1930 Heinrich Lamm, mwanafunzi wa utabibu huko Munich, alifunga fungu la nyuzi kama hizo akapitisha picha hafifu ya waya wa taa. Lakini kazi yake haikupata wa kuiendeleza mpaka mwaka 1951, ambapo Hugh Gainsborough, tabibu wa London, alimlalamikia kwenye karamu mtaalamu wa elimu ya mwanga, Harold Hopkins, kuhusu mateso wayapatayo wagonjwa kwa kuingizwa mabomba yasiyopinda. Hopkins akaifanyia kazi lawama hiyo pamoja na mwanafunzi wake kutoka Punjab, Narinder Kapany, na mwezi wa Januari 1954 wakaitangaza njia yao ya kupanga maelfu ya nyuzi kwa utaratibu ule ule katika ncha zote mbili, hata kila uzi ukachukua nukta moja ya picha na kuitua mahali pake.

Aliyeisoma habari hiyo kwa shauku alikuwa Basil Hirschowitz, tabibu mzaliwa wa Afrika ya Kusini aliyekuwa akifanya kazi katika Chuo Kikuu cha Michigan, ambaye alivuka bahari kwenda London kukiona kifaa, akarudi na azma ya kuunda cha kwake. Ilimkabili aibu moja ya nyuzi za kioo, kwamba zikigusana mwanga huvuja kutoka uzi mmoja kwenda mwingine na picha ikafutika. Na aliyeiondoa aibu hiyo, mwezi wa Desemba 1956, ni mwanafunzi aliyekuwa hajapata hata shahada yake ya kwanza, Larry Curtiss, aliyetia ufito wa kioo ndani ya mrija wa kioo cha namna nyingine, akaviyeyusha pamoja na kuvivuta vikawa uzi mmoja wenye koti lake. Mwezi wa Februari 1957 Hirschowitz akaumeza mrija uliotengenezwa kwa nyuzi hizo yeye mwenyewe, kabla ya kumwingiza mgonjwa yeyote.

Tumbo lilikuwa limefunguka, lakini utumbo mpana ulikuwa shughuli nyingine, kwa kuwa una kona nyingi, ukuta wake ni laini, na unaning'inia kwa utando unaovutika na kuuma. Bergein Overholt wa Michigan alianza mwaka 1963 kuchungulia sehemu yake ya kushoto kwa mrija unaopinda. Huko Cagliari, katika kisiwa cha Sardinia, Luciano Provenzale na Antonio Revignas walitumia hila ya ajabu mwaka 1965: walimpa mgonjwa ameze mrija mwembamba wa plastiki, wakangoja hadi ncha yake itokeze kwa njia ya haja kubwa, wakafungia hapo chombo cha Hirschowitz, kisha wakakivuta kwa kinywani hadi kikafika mwanzo wa utumbo mpana, kama mtu apitishavyo utepe katika upindo wa suruali. Utumbo wote ukaonekana, ila hapakuwa na mtu aliyetamani njia hiyo iwe desturi. Ufumbuzi wa kudumu ulitoka kwa mafundi wa Japani, ambao makampuni yao ya Olympus na Machida, kufikia mwisho wa miaka ya 1960, yalikwisha kuunda mirija mirefu ambayo ncha yake hugeuzwa huku na huku kwa magurudumu yaliyo mkononi mwa tabibu. Mwezi wa Septemba 1969, katika Hospitali ya Beth Israel mjini New York, Hiromi Shinya, akifanya kazi pamoja na William Wolff, alipitisha ndani ya mrija kama huo kitanzi cha waya, akakivisha kwenye shina la kinyama, akakikaza na kupitisha umeme, na kinyama kikakatika bila ya tumbo kupasuliwa. Kwa tendo hilo elimu ya Dukes, ambayo hapo kwanza ilifaa kwa kubashiri tu, ikawa dawa.

Afaa msomaji aijue kazi yenyewe jinsi ilivyo. Mgonjwa hulala ubavu wa kushoto, magoti ameyakunja. Mkono wa kushoto wa tabibu hushika kichwa cha chombo na kugeuza magurudumu mawili, na wa kulia huushika mrija wenyewe, ukiusukuma na kuuzungusha. Asiyejua husukuma tu, na kadiri asukumavyo mrija hujipinda kitanzi ndani ya tumbo, ukauvuta ule utando, na mgonjwa akalia, ilhali ncha haisogei hata kidogo. Ajuaye hurudisha nyuma, akazungusha kidogo, kitanzi kikafunguka, na utumbo ukajikunja wenyewe juu ya mrija mithili ya mkono wa kanzu uliopandishwa. Kwa hiyo safari ya kwenda mbele hukamilishwa nusu yake kwa kuvuta, na ufundi huu hausomwi kitabuni.

Wakati mafundi wa Tokyo na New York wakihangaika na mirija, sehemu nyingine ya elimu hii ilikuwa ikikusanywa Afrika Mashariki kwa kalamu na mizani. Hugh Trowell alifika Kenya mwaka 1929, akahamia baadaye Mulago, Kampala, akafundisha na kutibu huko hadi mwaka 1958. Na mwaka 1960 akatoa kitabu chenye kuorodhesha maradhi yasiyo ya kuambukiza ambayo katika miongo hiyo yote aliyaona kwa nadra kwa Waafrika, ilhali yalijaza wadi za Ulaya. Mwenzake wa Mulago, Denis Burkitt, mpasuaji kutoka Ireland aliyepoteza jicho moja utotoni, alifika Lira mwaka 1946 na kupata sifa ya kwanza kwa kueleza uvimbe wa taya za watoto ambao wachukua jina lake. Aliporudi Uingereza mwaka 1966 aliuliza swali lililokuwa wazi kwa kila aliyefanya kazi Mulago, ila hakuna aliyelishika: kwa nini saratani ya utumbo mpana, vinyama vyake, na hata kidole tumbo kuvimba, ni mambo ya nadra vijijini Uganda, na ni ya kila siku London? Akawaandikia matabibu wa hospitali za misheni barani kote, akiwataka wamjibu ni wagonjwa wangapi wa namna hiyo waliowaona, akachora ramani, na mwaka 1971 akatangaza rai yake kwamba chanzo ni chakula kilichopungukiwa na makapi, yaani zile nyuzinyuzi za nafaka, kunde na mboga ambazo mashine za kusaga huziondoa.

Rai hiyo hakuiacha iwe maneno matupu. Mwaka 1972, pamoja na Alec Walker wa Afrika ya Kusini na Neil Painter wa London, alitangaza vipimo vya watu waliomezeshwa vidonge vidogo visivyopenywa na eksirei, kisha choo chao kikakusanywa katika mifuko, kikapimwa uzani, na kupigwa picha ili kuhesabu vidonge vilivyotoka na saa vilizochukua. Wanavijiji wa Uganda walitoa kwa siku wastani wa gramu 470, na chakula kilipita mwilini mwao kwa saa 36 hivi. Wanamaji wa Uingereza na wake zao walitoa gramu 104, na chakula kikakaa saa 83. Burkitt, ambaye hakuwa na haya ya kuitaja haja kubwa mbele ya maprofesa, alipenda kuwaambia wasikilizaji wake kwamba taifa lenye choo kidogo hulazimika kujenga hospitali kubwa.

Walakini kulinganisha mataifa si kuthibitisha sababu, kwa kuwa mwanakijiji wa Uganda na mwanamaji wa Portsmouth hutofautiana kwa mengi zaidi ya uji. Mwaka 1999 utafiti wa wauguzi wa kike wapatao 88,000 wa Marekani haukuona kinga yoyote katika nyuzinyuzi. Mwaka 2003 utafiti mkubwa zaidi wa nchi za Ulaya ukaiona. Jaribio lililo karibu zaidi na swali la Burkitt lilitangazwa mwaka 2015 na Stephen O'Keefe na wenzake, ambao waliwabadilishia chakula kwa wiki mbili watu 20 wa Marekani wenye asili ya Afrika na watu 20 wa vijijini Afrika ya Kusini, hawa wakapewa nyama na mafuta mengi kwa desturi ya Marekani, wale wakapewa mahindi, maharage na mboga kwa desturi ya kijijini, na wote wakachunguzwa utumbo kwa mrija kabla na baada. Katika muda huo mfupi dalili za uvimbe na za kuzaana kwa seli katika ukuta wa utumbo zilipungua kwa Wamarekani na kuongezeka kwa Waafrika, na vijidudu viishivyo utumboni navyo vikabadili kazi yake. Chombo kilichozaliwa Michigan na Tokyo kilikuwa kimekuja kulishuhudia swali lililozaliwa Mulago.

Sasa nirudi kwenye chombo chenyewe, maana kuwa nacho hakukuwa mwisho wa taabu. Utumbo mchafu hauonekani, na njia za kuusafisha zilikuwa ama mafuta ya mbarika na mabomba ya maji yaliyomdhoofisha mgonjwa, ama sukari ya manitoli, ambayo vijidudu vya utumboni huigeuza kuwa gesi ya kulipuka. Na huko Nancy, Ufaransa, iliripotiwa mwaka 1979 habari ya mgonjwa aliyekufa kwa mlipuko ndani ya utumbo, pale umeme wa kitanzi ulipokutana na gesi hiyo. Mwaka uliofuata Glenn Davis, John Fordtran na wenzao wa Dallas wakatoa maji ya chumvichumvi yaliyochanganywa na polietileni glaikoli, ambayo hupita tu bila kunyonywa na mwili wala kuunyang'anya maji yake, na ambayo, pamoja na ubaya wa ladha yake na wingi wa lita zake, bado ndiyo msingi wa matayarisho ya leo. Kisha majaribio yakaonyesha kwamba kunywa nusu usiku na nusu alfajiri husafisha vizuri zaidi kuliko kunywa yote usiku. Hewa ya kawaida iliyotumika kuupanua utumbo nayo ikaanza kubadilishwa kwa hewa ya kaboni dayoksaidi, ambayo mwili huinyonya upesi na tumbo halibaki limejaa. Nyuzi za kioo zenyewe zikapata mrithi: kijiwe cha kunasa picha kilichobuniwa na Willard Boyle na George Smith mwaka 1969 kiliwekwa katika ncha ya mrija mwaka 1983, na tangu hapo tabibu akaacha kuinamia tundu, akatazama katika televisheni pamoja na wote waliomo chumbani.

Mwaka 1993 Sidney Winawer na wenzake wa Marekani walitangaza habari za watu 1,418 waliotolewa vinyama na kufuatwa kwa wastani wa karibu miaka 6: walioshikwa na saratani walikuwa 5 tu, upungufu wa asilimia 76 hadi 90 kulingana na idadi iliyotazamiwa. Furaha ikawa kubwa, na kwa muda watu wakadhani kwamba mrija ukiisha kufika mwanzo wa utumbo kazi imekwisha. Mwaka 1997 Douglas Rex wa Indiana aliwachungulia watu mara mbili siku moja, na matokeo yakaonyesha kwamba katika mara ya kwanza takriban robo ya vinyama, hasa vile vidogo, vilikuwa vimepitwa. Ndipo watafiti wakageuza macho yao kutoka kwa chombo kwenda kwa mshika chombo. Vinyama hutafutwa wakati mrija unaporudishwa polepole, na Robert Barclay na wenzake wa Rockford, Illinois, katika makala ya mwaka 2006, walipima kwa saa muda ambao matabibu 12 wa kundi lao waliutumia katika kurudi: palikuwa na aliyetumia wastani wa dakika 3 na aliyetumia karibu 17, na waliotumia dakika 6 au zaidi walikuta vinyama kwa asilimia 28.3 ya watu, ilhali wenye haraka waliviona kwa asilimia 11.8 tu. Uchunguzi wa Poland wa mwaka 2010 na wa California wa mwaka 2014 ulikamilisha hoja, kwa kuthibitisha kwamba mtu aliyechunguzwa na tabibu mwenye kuona vichache ndiye aliye katika hatari zaidi ya kupata saratani baadaye, na kwamba kila asilimia moja anayoiongeza tabibu katika kuona adenoma huipunguza hatari hiyo kwa asilimia 3. Vipimo hivi viliwaudhi wengi katika fani, kwani ni vigumu kwa bingwa kuambiwa kwamba jicho lake limehesabiwa likaonekana pungufu. Na bado, katika yote yaliyofanywa tangu mwaka 1969, sioni lililookoa watu wengi kwa gharama ndogo kuliko saa ya ukutani. Hata kompyuta zilizofunzwa kutambua vinyama, ambazo huko China, mwaka 2019, zilipandisha idadi ya watu waliokutwa na adenoma kutoka asilimia 20.3 hadi 29.1, zinamsaidia yule anayetazama, wala hazisafishi utumbo wala hazimpunguzii mtu pupa.

Wala haifai kuyatia mambo chumvi. Jaribio kubwa la nchi za Kaskazini mwa Ulaya na Poland, lililotangazwa mwaka 2022 na kuhusu watu zaidi ya 84,000, lilionyesha kwamba kwa miaka 10 kuwaalika watu kuchunguzwa kulipunguza saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18, kiasi kilicho chini ya matumaini ya wengi. Lakini walioitika mwaliko walikuwa 42 tu katika kila 100, na mwaliko usioitikiwa haumkingi mtu. Haya ile aliyoikuta Salmon mwaka 1835 ingalipo.

Katika Afrika Mashariki ya leo mambo si kama Burkitt alivyoyaacha. Dona imeipisha sembe, chipsi na soda zimefika hadi vituo vya mabasi vya wilayani, na saratani ya utumbo mpana si ngeni tena katika wadi za Kampala, Nairobi na Dar es Salaam, ambako wengi wa wagonjwa wafika maradhi yamekwisha kuenea, na miongoni mwao wamo vijana. Mirija ni michache, imo katika hospitali za miji mikubwa, na gharama yake ni nzito kwa mtu wa kawaida. Kwa hiyo nchi zetu hazina budi kuanza na kile kilicho jepesi, yaani kipimo cha kutafuta damu isiyoonekana katika choo, ambacho katika jaribio la Minnesota la mwaka 1993, lililowashirikisha watu zaidi ya 46,000, kilipofanywa kila mwaka kilipunguza vifo vya saratani hii kwa theluthi moja, na mrija ukahifadhiwa kwa wale ambao kipimo kimewaonyesha kuwa na damu.

Kwa msomaji ninalo ombi. Choo chenye damu, au kilichobadilika desturi yake kwa majuma kadhaa, au tumbo linalosokota huku mwili ukikonda, si jambo la kufungiwa chumbani kwa kudhani ni bawasiri au minyoo. Na aliyefiwa na mzazi au ndugu kwa saratani hii, au aliyefikia umri wa miaka 45, umri ambao Wamarekani waliuchagua mwaka 2021 kuwa wa kuanza kuchunguzwa, amwendee tabibu hata kama haumwi. Na siku atakapowekwa juu ya kitanda cha uchunguzi, asione vibaya kumwuliza tabibu huyo kwa adabu: je, ukifika mwisho, utarudi kwa dakika ngapi?